Mwanamke Aliyebeba Jina la Mume Wangu

Nyote mmeniuliza. Mama Furaha kanishika kazini pale Wetherill Park, mikono imejaa maboksi, ati, "Dada Zaina, Ulaya ilikuwa aje?" Bi Time naye kanipigia simu hata kabla sijafungua sanduku. Nami nikawajibu, "Salama, nzuri, baridi tu." Uongo mtupu! Nilitoka nyumbani St Marys, hapa Sydney, na wivu, nikala nao na kunywa nao angani, na nimerudi nao. Kaeni basi niwahadithie mara moja, msije mkaniuliza mmoja mmoja.

Kwa wasiomjua, mume wangu ni Keith, yule mzungu mrefu anayeendesha forklifti kwenye ghala letu. Alisilimu, tukafunga ndoa msikitini, na wengine wenu mlikula pilau siku ile. Jina lake la ukoo ni Murgatroyd. Mie ni Zaina Salim, binti wa Salim Mbaruku, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, Mungu amrehemu. Kwetu mwanamke akiolewa habadili jina. Anabaki binti wa babake mpaka anazikwa. Keith hakuwahi kuniomba nibadili, na mie sikuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja.

Sasa, Keith ana shangazi yake Uingereza, Bibi Dorothy, huko Yorkshire. Huyu bibi aliamua kuwakusanya wote wenye jina la Murgatroyd, popote walipo duniani, waje wale pamoja katika kijiji ambako jina lilianzia. Keith aliponiambia, macho yake yaling'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikasema twende. Nilisema haraka mno.

Kutoka St Marys mpaka uwanja wa ndege

Mama Furaha alikuja stesheni asubuhi na mfuko wa ile mikate yake ya kukaanga, ile ambayo kwao Bukavu wanaiita benye. "Mule kwenye njia," akasema, "chakula ya ndege haina kitu." Tukapanda treni, mie nimevaa baibui jipya, Keith kashika mkono wangu. Nilikuwa na furaha, jamani. Muikumbuke hiyo furaha, maana ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu.

Kufika uwanja wa ndege, mama mmoja wa kizungu akatujia mbio, nywele fupi za mvi, kavaa viatu vya kupandia milima. Akamkumbatia Keith. Akanikumbatia na mie. Begi lake lilikuwa jekundu, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa: MURGATROYD.

"Keith," nikamwambia, "huyu anakwenda wapi?"

"Yorkshire. Si nilikwambia Lyn ndiye aliyepanga kila kitu na Shangazi?"

"Uliniambia Lyn. Hukuniambia Lyn huyu."

"Kwani mimi nina Lyn wangapi?"

Alikuwa ni Lynette, mtalaka wake! Kwamba yupo, nilijua. Waliachana kabla mie sijaijua Australia iko upande gani. Watoto wao wawili ni watu wazima na hunipigia simu sikukuu. Lakini nilidhani talaka ni talaka. Nikamvuta Keith pembeni.

"Na lile jina kwenye begi?"

"Ni jina lake."

"Ni jina lako. Mlipoachana hakulirudisha?"

Akacheka. "Si sufuria, Zaina."

Nyinyi wa pwani mtanielewa. Kwetu anayebeba jina la mwanamume ni mwanawe. Mke anabeba la babake, hata akipendwa vipi. Sasa mtalaka anayetembea na jina la mume wangu, tena kwa herufi kubwa namna ile, nimwite nani? Nilikitafuta cheo chake kichwani, sikukipata, na kilichokosa cheo ndicho kinachokera.

Ndani ya ndege ikawa mbaya zaidi. Wao wawili wamewekwa pamoja, mie kiti cha nyuma yao. Keith alitaka tubadilishane, lakini kijana wa kando yangu alikuwa ameshajifunika blanketi gubigubi. Basi nikakaa nikitazama vichwa viwili. Chakula kilipokuja, Keith akachukua ile siagi ndogo ya kwenye karatasi ngumu, akaifungua, akaiweka kwenye sinia la Lynette. Hakuombwa. Hakumtazama hata. Mkono wake ulijua tu kwamba vidole vya yule mama haviwezi kuifungua. Mie siagi yangu nilifungua kwa meno.

Hapo ndipo nilipoamua. Nikajiambia, ikiwa jina ndilo linalompa mwanamke haki ya kufunguliwa siagi, basi na mie nalitaka. Kule kwenye karamu, mbele ya ukoo mzima, nitamwomba Keith anipe jina lake. Niwe Bibi Murgatroyd, nimtoe yule kitini. Nikamwambia marehemu babangu moyoni: Baba, niwie radhi, hii ni vita.

Kukwama Ghuba

Tulipotua kubadilisha ndege kwenye mji mmoja wa Ghuba, nje kulikuwa kwekundu. Tufani ya mchanga. Ndege zote zimelala chini. Tukaambiwa tutapewa vyumba mpaka hali itulie, tukapanga foleni iliyozunguka nguzo zote za ukumbi ule. Watu wanagombana, watoto wanalia, na Lynette anagawa peremende kwa kila mtu kama yuko arusini kwake.

Kwenye dawati kulikuwa na binti wa Kenya. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi, lakini furaha haikumsaidia kusoma vizuri.

"Aunty, vyumba ni vichache. Kwa sistimu naona kapo ni hawa Murgatroyd wawili, wanapewa chumba. Wewe uko solo."

"Kapo? Kapo gani? Mke ni mie!"

"Pole, aunty. Lakini majina ndiyo hayo, si mimi nimeyaandika."

Nikapandisha sauti. Sitawaficha, niliipandisha mpaka foleni nzima ikanyamaza. Akatoka bosi wao, mzee wa Kisudani mwenye miwani, akaomba pasi zetu tatu. Akasoma yangu. "Zaina Salim," akasema, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bint Salim. Huyu ndiye mke, jina la babake analo." Loo, nilitamani nimbusu mikono! Kisha akasoma ya Lynette, akasoma ya Keith, akazilinganisha. "Na huyu jina lake na la bwana ni moja. Huyu ni dada yake."

Yule binti, aliyekuwa akinitafsiria Kiarabu cha mzee, akanigeukia. "Ni dada yake, aunty?"

Nikamtazama Keith. Keith akatazama dari.

"Dada yake kabisa," nikasema. "Tumbo moja."

Mzee akafurahi kuona mambo yamenyooka. Akasema basi haifai dada wa bwana aachwe peke yake ugenini, na kwa kuwa vyumba ni vichache, wanawake wawili wakae pamoja, bwana ataungana na wanaume wengine. Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nilijichimbia mwenyewe, nikajitumbukiza mwenyewe.

Mchana wote ule tulikaa chumba kimoja, mie na mtalaka wa mume wangu, tumefungiwa na mchanga. Kanipa kitanda cha dirishani. Kachemsha chai. Nikatoa benye za Mama Furaha maana njaa haina adui, akala, akajilamba vidole, akauliza zinapikwaje. Kila alilofanya lilikuwa zuri, na kila zuri lilinichoma.

Mwisho nikamuuliza waziwazi. "Kwa nini bado unalo jina lake?"

Hakukasirika. "Watoto wangu wanalo," akasema. "Na tena nimelifanyia kazi. Keith mwenyewe hakujua linatoka wapi. Mimi ndiye niliyelitafuta, miaka na miaka, kwenye rekodi za makanisa."

"Kwani lako la kuzaliwa lilikuwa na ubaya gani?"

Akasema chai yangu inapoa.

Kutoka Manchester mpaka kilimani

Uingereza ilitupokea na mvua. Si mvua ya kunyesha, ni ile ya kukaa tu hewani na kukuingia shingoni. Treni ya kutupeleka Halifax ikasimama katikati ya njia, tukashushwa, tukaambiwa tungoje basi. Kwenye kibanda cha chai, mama muuzaji akampa Keith kikombe, akamwambia, "Haya, mpenzi."

Nikageuka kama nimechomwa sindano. "Nani mpenzi wako?"

Yule mama akacheka mpaka akashika kaunta. "Na wewe, mpenzi, unataka maziwa?"

Kumbe kule kila mtu ni mpenzi. Basi lilipofika, dereva alikuwa Mpakistani, ndevu mpaka kifuani, na yeye akamwambia Keith, "Angalia ngazi, mpenzi." Nikakata tamaa. Nchi nzima inamtongoza mume wangu, nitapigana na wangapi?

Kijiji kiko juu ya kilima, nyumba za mawe meusi, kondoo wenye manyoya yaliyolowa. Bibi Dorothy, shangazi mtu, alikuwa mfupi na mwenye sauti kubwa. Akatuandalia chakula, akasema kuna pudding. Nikangoja kitu kitamu. Kikaja kitu kama andazi lililopasuka tumbo, limemwagiwa mchuzi wa vitunguu. Nikasita, nikauliza kwa adabu kama ndani yake mna mafuta ya nguruwe.

"Hapana, mwanangu," akasema Bibi Dorothy. "Lynette alishaniandikia zamani kwamba hamli. Nimetumia mafuta ya kupikia."

Mie nikasema asante. Moyoni nikasema, hata tumbo langu ameshalisimamia yeye.

Baada ya kula, Bibi Dorothy akatueleza mpango wa kesho. Meza kuu ni ya akina Murgatroyd. Meza ya wageni iko karibu na mlango, pale nitakaa mie pamoja na mchungaji wa kanisa na mpiga picha.

"Shangazi," Keith akasema, "Zaina ni mke wangu."

"Najua. Lakini kadi niliziandika kwa majina ya ukoo, na yeye ni Salim. Mpiga picha ni mtu mchangamfu sana."

Keith akaanza kukusanya sahani. Lynette, kadi yake iko meza kuu, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Nikapanda ghorofani kulala nikiwa na neno moja tu kichwani: kesho.

Makaburini

Asubuhi, kabla ya karamu, Lynette alituongoza sote kwenda kuona mambo ya jina. Tulikuwa watu kama wa kujaza basi, wengine wametoka Kanada. Akatusimamisha penye ukuta wa mawe, akatuonyesha bonde. Akasema zamani huko chini kote kulikuwa msitu, na watu wa Yorkshire walipofyeka kipande cha msitu wakakifanya shamba walikiita royd. Majina mengi ya pale yanaishia hivyo. Na kipande kimoja kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Margareti. Shamba la Margareti. Aliyeishi pale akaitwa kwa shamba lile, na ulimi wa watu ukalibana neno, mpaka likawa Murgatroyd.

"Kwa hiyo," nikasema, "jina lote hili la wanaume ni la mwanamke?"

"Ndiyo."

"Margareti binti nani?"

Lynette akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Hakuna anayejua," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeandika."

Tukaingia makaburini. Wale wengine wakatawanyika kupiga picha, Keith akaenda na binamu zake wa Kanada. Nikabaki na Lynette na majiwe yaliyoinama. Alinisomea. Fulani Murgatroyd, mfumaji wa sufu. Chini yake, herufi ndogo: na Hannah, mke wa aliyetajwa juu. Jiwe la pili: na Sarah, mke wa aliyetajwa juu. La tatu, Hannah mwingine.

"Hawa ndio wanaoniliza," akasema. "Wanaume nawafuata mpaka mbali. Wanawake nawapoteza. Wakishaolewa tu, mlango umefungwa. Nimemtafuta huyu Hannah muda mrefu nijue ametoka kwa nani. Simpati."

Mie nikaliangalia lile jiwe, nikamwona babangu kwenye cherehani yake, mguu unakanyaga, mdomo umebana pini. Nikajiona na mie chini ya jiwe kama lile: na Zaina, mke wa aliyetajwa juu. Atakuja mtu siku moja kunitafuta, amkose Salim. Kulitaka lile jina bado nalitaka, sikuacha. Lakini niliogopa.

"Wewe babako ni nani?" nikamuuliza.

"Walter," akasema. Halafu kama aliyesukumwa, akaendelea. "Walter Pickles. Alikuwa mpishi kwenye kantini ya reli. Mama aliondoka, akanilea peke yake. Shuleni walinicheka kwa jina lile. Pickles, achari. Nilipoolewa na Keith nilishukuru kuliacha. Baba alikuja kanisani na suti ya kuazima, akalisikia jina lake likiondoka, akapiga makofi."

Machozi yakamshuka. Nikamshika bega. Na hapa nitawaambia kweli yangu yote, mnijue nilivyo. Nilimwonea huruma, wallahi. Na papo hapo, ndani ya huruma, niliona mlango.

"Kwetu," nikamwambia, "mie ningekuita binti Walter. Mpaka unakufa. Hakuna mume angeweza kukuondolea."

"Binti Walter," akarudia, vibaya, lakini alirudia.

"Inakupendeza," nikasema. Na kweli ilimpendeza. Na ingenipendeza na mie.

Karamuni

Ukumbi wa kanisa ulikuwa na joto la watu na harufu ya nyama ya kuoka. Mie niko mlangoni na mchungaji na mpiga picha, ambaye hakuwa mchangamfu hata kidogo. Walipomaliza kula, Bibi Dorothy akagonga glasi, akasema kila mtu wa meza kuu asimame aseme jina lake na ametoka wapi. Wakaanza. Fulani Murgatroyd, Leeds. Fulani Murgatroyd, Toronto. Keith Murgatroyd, Sydney, makofi mengi.

Akasimama Lynette. Ukumbi wote ulikuwa unamjua, walianza kumpigia makofi kabla hajasema.

"Naitwa Lynette," akasema, "binti wa Walter Pickles, mpishi wa reli." Akakaa.

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Bibi Dorothy akaduwaa na glasi yake. Mie nilitaka kuruka. Ametoka! Ameliacha mwenyewe, hadharani, wala sikumsukuma! Nikageuka kumtafuta mume wangu, nimwone na yeye amepumua.

Keith alikuwa ameinamisha uso. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Jamani, wivu wote niliowasimulia mpaka hapa ulikuwa mchezo. Ule wa dakika ile ndio wenyewe. Nilidhani yule mama ndiye aliyeng'ang'ania jina. Kumbe na huku alikuwako mtu aliyependa ling'ang'aniwe. Nikasimama, nikapita katikati ya meza, nikamshika mkono, nikamtoa nje kwenye mvua mbele ya ukoo wake wote.

"Unamlilia?"

"Simlilii yeye."

"Unalia nini?"

Alikuwa anakunja kadi yake ya mezani. "Nimempa Lyn mambo machache sana mazuri," akasema. "Nilikuwa mume mbovu. Hilo jina ndilo peke yake alilolipenda, akakaa nalo. Na wewe hujawahi kutaka chochote changu, Zaina. Barua zinaingia nyumbani kwetu, nusu ni za baba yako. Daktari anakuita kwa baba yako. Hata mlangoni kengele ina majina mawili, langu na la mzee ambaye sikuwahi kumwona. Hujawahi hata kuniuliza."

Tangu angani ninamwonea wivu mwanamke, na mume wangu miaka yote anamwonea wivu fundi cherehani aliyekufa!

"Nilikuwa nikuombe leo," nikamwambia. "Wallahi. Mbele ya watu wote."

Akainua uso. "Basi niombe."

Nikajaribu. Mdomo ukafunguka, na yule Hannah akanijia, yeye na jiwe lake. "Siwezi, Keith. Nimeyaona yale makaburi. Siwezi kumfungia babangu mlango."

Akatikisa kichwa polepole. Mvua inatunyeshea, ndani wameanza kuimba. Nilimwona anavyozama, na sikukubali nimwache azame kwa jina la mtu mwingine.

"Lakini nataka kitu chako," nikasema.

"Kipi?"

"Ubavu wako. Siku yetu ikifika, kule makaburi ya Waislamu Sydney. Kibao changu kiandikwe binti Salim. Lakini kaburi langu liwe kulia kwako, wasipite watu katikati."

Akafuta uso kwa kiganja. Akaanza kucheka. "Na kushoto?"

"Kushoto wajenge ukuta."

"Zaina, Lyn si Mwislamu. Hata angetaka, hawawezi kumzika pale."

"Najua," nikamwambia. "Wajenge hivyo hivyo."